Vitundu

Kofia moja ya kiua ina vitundu mia nane na ushei.
Najua. Nilivihesabu mwaka ule Mbwana aliposhindwa,
nyumbani kwetu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
sindano ikimkimbia kama kuku aliyeona kisu.

Kilianza kidole gumba cha kulia.
Kikapiga, kikapiga, kama kinahesabu pesa zisizokuwepo.
Kisha mkono mzima. Kisha shingo ikaitikia.
Chai ilitoka jikoni kikombe, ikafika mdomoni robo.
Msikitini alijitenga safu ya nyuma
asije akamtikisa jirani kwenye tahiyatu.
Watu wakasema lao. Wifi yangu akaleta kombe la zafarani;
alilinywa, nusu kifuani.

Mimi siri yangu ilikuwa usiku.
Akilala, mkono ulitulia.
Ulikaa juu ya shuka kama mkono wa mtu mwingine,
nami niliwasha tochi ya simu niutazame tu,
nisiuguse, usije ukaamka.
Na alfajiri niliichukua kofia aliyoiacha njiani
nikaendelea nayo.
Miaka sita.
Wateja wa Chumbageni, wa Pangani,
hata yule karani wa bandari, mstaafu,
mwenye kichwa cha inchi ishirini na nne,
walivaa mishono yangu, wakamsifu Mbwana.

Shamba la Pongwe likauzwa, minazi na mipaka yake.
Tukaenda Chennai.
Walimnyoa. Wakamfunga kichwa kwenye fremu ya chuma
wakamtoboa vitundu viwili, na usingizi hawakumpa,
maana walimtaka aseme, aseme tu,
ataje miezi, ahesabu toka mia kurudi nyuma.
Ubongo wenyewe hauumi, alinieleza baadaye,
ila mlio wa keekee aliusikia mpaka kwenye magego.
Waya ukashuka, mwembamba kama tambi.
Nusu milimita, daktari akasema. Ngojeni. Nusu nyingine.
Mkalimani akamwambia: mzee, shika kitu.
Hakukuwa na kitu.
Akashika sindano isiyokuwepo, akatunga uzi usiokuwepo,
na mkono ukanyamaza
katikati ya sentensi yake.

Sasa ana betri chini ya mtulinga, kiasi cha kiberiti,
na waya unapanda nyuma ya sikio, ndani ya ngozi;
ukiupapasa ni kama pindo.
Huichaji Jumatatu na Ijumaa. Tanesco wakikata
nyumba nzima tunatazamana.
Mjukuu wetu Sufiani huwaambia wenzake
babu yangu anatumia luku.

Si kupona. Daktari alilikataa neno hilo.
Ulimi umekuwa mzito, jina langu linamteleza kidogo,
na miguu bado hugoma kizingitini
kama ameitwa na mtu aliye nyuma.
Lakini mkono!
Mkono wa usingizini uko macho mchana kweupe,
unamenya chungwa, na ganda halikatiki.

Juzi akataka kofia.
Kichwa kina vinundu viwili, zile za zamani zote zinambana.
Nikampa ile ya karani, kubwa, aliyoiagiza asirudi.
Hakuivaa. Aliigeuza nje ndani,
maana fundi husoma mgongo wa kazi,
akapitisha kidole safu kwa safu, polepole,
bila kutetemeka hata chembe.
Mimi nimesimama na sufuria, wali unanukia moto.

"Hii si yangu," akasema.

Nje mtu anauza kashata, anapita, anapotea.

"Huyu hukaza uzi mara mbili kila tundu.
Mimi sikuwahi kuwa na subira hiyo."

Hakuuliza ni nani.
Alisogea mkekani, akabakisha nafasi ya mtu mmoja,
akatunga sindano mbili.